Nikikata uwanja wa kwanta vipande viwili kwenye tufe la matriksi, mpaka unapita wapi?

Mwalimu wa Rungwe:

Shikamooni wakubwa, na rika zangu habari za jioni.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, shule iko kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela. Wiki hii mvua haijakata na umeme umekuwa ukienda na kurudi, kwa hiyo jioni nimekuwa nikikaa na taa ya sola, kalamu na daftari. Nimefika mahali nimekwama, na naamini humu yupo wa kunikwamua.

Nianze na ninachokielewa, mnikosoe mapema kama msingi wenyewe ni mbovu. Nimechukua tungamo mbili. Kila moja imefungwa ukutani kwa springi yenye ugumu 1, halafu zimefungwa zenyewe kwa zenyewe kwa springi ya kati yenye ugumu 4. Tungamo ni 1, na kizio cha Planck (kile kilichokwisha kugawanywa kwa 2π) nimekiweka 1. Mfumo huu una mitetemo miwili tu: ule wa kwenda pamoja, kasi yake 1, na ule wa kwenda kinyume, kasi yake ni kipeuo cha pili cha 1 + 8, yaani 3. Nikauweka kwenye hali ya chini kabisa ya nishati. Kisha nikafumba macho nisiione tungamo la pili, nikauliza: hili moja lililobaki liko katika hali gani?

Jibu lilinifanya niweke kalamu chini. Mfumo mzima hauna hata chembe ya joto, hali yake inajulikana yote, entropia yake, yaani kipimo cha tusichokijua, ni sifuri. Lakini tungamo moja pekee linaonekana kama lina joto: uwezekano wa kulikuta kwenye ngazi ya kwanza ni 0.928, na kila ngazi inayofuata unazidisha kwa 0.0718. Entropia yake ni 0.278 kwa logi asilia. Yaani nakijua kizima chote bila kubakisha, halafu kipande chake sikijui. Katika mambo yote ninayofundisha darasani hakuna jingine la namna hiyo. Ukiijua hesabu ya duka zima unaijua na ya kila rafu. Huku kwenye kwanta siyo, na huko kutokuwa siyo ndiko kunakoitwa mfungamano.

Uwanja ni tungamo na springi hizo hizo zikijaza anga yote. Bombelli, Koul, Lee na Sorkin walilifanya hilo 1986, na Srednicki akalirudia kwa njia yake 1993: unakata tufe lenye nusu kipenyo R katikati ya uwanja, unafumba macho usione ya ndani, unakokotoa. Alipata entropia 0.30 mara mraba wa R/a, a ikiwa umbali kati ya tungamo na tungamo. Imefuata ngozi ya tufe, haikufuata ujazo wake.

Hili naliona hapa shambani kwangu. Jirani yangu amepanda milingoti hadi mpakani, na mizizi yake inanywa maji ya parachichi zangu. Lakini ni ile ya mpakani tu. Iliyo katikati ya shamba lake hainigusi. Ukitaka kujua madhara, pima urefu wa mpaka, usipime ukubwa wa shamba.

Sasa nilipokwama. Kuna anga ambazo kwake x mara y si sawa na y mara x, tofauti yake ni iθ, i ikiwa kipeuo cha pili cha −1 na θ namba isiyobadilika ya anga hiyo. Katika anga hiyo huwezi kutaja nukta, kama vile usivyoweza kutaja mahali na momenta ya elektroni kwa pamoja. Sehemu yenye eneo dogo kuliko 2πθ haina maana. Ni kama ukungu wa Isyonje asubuhi: unajua mlima uko pale, lakini kidole hakipati pa kuishia. Wazo hili si la jana. Snyder alilichapisha 1947, akitumaini kwamba anga ikikosa nukta, zile namba zinazolipuka kwenye nadharia ya uwanja zitatulia.

Mfano unaonivutia ni tufe la Madore la 1992, mimi naliita tufe la ukungu: viwianishi vyake vitatu ni matriksi, yaani majedwali ya namba, za N kwa N, zile zile za spini. Uwanja juu yake nao ni matriksi ya N kwa N. Nikasema basi, vipengele viko N mara N, kwa hiyo tufe lina vyumba N mara N. Nikachukua pembe ya juu kushoto ya matriksi nikaiita kaskazini, pembe ya chini kulia nikaiita kusini. Vikabaki vipande viwili vya pembeni, juu kulia na chini kushoto. Hivyo ni vya nani? Na kama mstari wenyewe hauchoreki, mpaka wa kupima entropia unapita wapi? Nimesoma pia kwamba kwenye anga hizi, kwa sehemu ndogo, entropia inaacha kufuata mpaka na kufuata shamba zima. Kwa nini?

Nimekaa na swali hili tangu Jumapili. Nitashukuru sana.

---

Dada wa Kihesa:

Kamwene mwalimu. Nimesoma hesabu yako ya springi mara mbili na namba zote ni sahihi. Mimi nilisomea hisabati, sasa nafundisha hapa Iringa, na tufe hili nimekaa nalo muda mrefu. Nikuanzie kwenye kosa moja, maana likikaa sawa mengine yatajipanga.

Tufe la ukungu lina vyumba N, si N mara N. Matriksi ya tatu ya spini ina thamani N tu, na kila thamani ni pete moja ya latitudo. Thamani hizo zimepangwa kwa nafasi sawa kutoka ncha hadi ncha. Na Archimedes alishatuambia kwamba ukikata tufe kwa visu sambamba vyenye nafasi sawa, kila pete unayopata ina eneo sawa, iwe karibu na ncha au kwenye ikweta. Kwa hiyo tufe limegawanyika pete N, kila moja eneo lake 4π mara mraba wa R, gawanya kwa N. Vile vipengele N mara N ni mitetemo ya uwanja: 1 na 3 na 5 na kuendelea. Kwa N = 10 ni 1 + 3 + ... + 19, jumla 100.

Sasa kipengele cha safu ya i na ya j ni nini? Usikifikirie kama nukta. Kifikirie kama mti wa mzegazega, ule wa kubebea madumu mawili begani. Dumu moja liko pete ya i, jingine pete ya j, na bega liko katikati, kwenye latitudo ya (i + j)/2. Vilivyo kwenye ulalo wa matriksi, mstari wa kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, ni miti mifupi kabisa, madumu yote mawili pete moja. Vilivyo kwenye pembe za juu kulia na chini kushoto ni miti mirefu inayotoka ncha hadi ncha. Umeuliza ni vya nani. Dumu moja liko kaskazini, jingine kusini, lakini bega ni moja. Mgawo unaoeleweka ni kufuata bega: unaikata matriksi kwa mstari unaopita kinyume cha ulalo, ambako i + j haibadiliki. Karczmarek na Sabella-Garnier walikata hivyo.

Kuna zawadi nyingine humo ndani ambayo wewe hasa utaifurahia. Chukua mstari wowote ulio sambamba na ulalo. Uwanja ukiwa huru, kipengele kimoja kinavutana na jirani zake wawili wa mstari huo huo tu, hakina habari na mistari mingine. Hiyo ni minyororo ya springi, mwalimu! Kwa N = 10 unayo minyororo 19: mmoja wa tungamo 10 katikati, miwili ya 9, miwili ya 8, hadi miwili ya tungamo moja moja pembeni kabisa. Dou na Ydri walipita njia hiyo 2006: unakokotoa entropia ya kila mnyororo peke yake, unajumlisha.

Na hapo hapo lipo jibu la swali lako la mwisho. Chukua kofia ndogo kwenye ncha ya kaskazini, pete n. Eneo lake, kwa Archimedes, linakua sawia na n. Urefu wa mpaka wake unakua polepole, sawia na kipeuo cha pili cha n. Sasa hesabu minyororo inayokatwa na ule mstari wako wa kinyume cha ulalo. Ni kama 4n. Minyororo inayokatwa inafuata eneo la kofia, haifuati mzingo wake! Waliokokotoa kwa kompyuta walikuta entropia ya kofia ndogo ikikua hivyo hivyo kwa kufuata eneo.

Chora matriksi ya 6 kwa 6 kwenye daftari lako, uipigie mistari. Utaiona kwa jicho.

---

Fundi wa Mwanjelwa:

Samahani wataalamu, mimi natengeneza redio na simu hapa Mwanjelwa, darasa niliishia kidato cha nne. Nimefuatilia hadi kwenye milingoti, baada ya hapo nimeachwa. Nina swali moja. Hizo tungamo mbili zilizofungamana, nikimpa mwenzangu moja akaenda nayo Sumbawanga, nikaitikisa ya kwangu, yeye ataona? Maana kama ataona, hiyo ni redio isiyohitaji antena.

---

Mwalimu wa Rungwe:

Fundi, hapana. Chochote utakachoifanyia ya kwako, hesabu ya mwenzako kule Sumbawanga, yaani ile matriksi ya densiti ya upande wake inayotoa uwezekano wa kila atakachopima, haibadiliki hata tarakimu moja. Atapima atapata matokeo ya bahati nasibu kama angeyapata bila wewe kugusa kitu. Mfungamano unajitokeza siku mtakapokutana, au kupigiana simu, mkalinganisha madaftari: hapo mtakuta yanakubaliana kupita kiasi ambacho makubaliano yoyote ya awali yangeweza kutoa. Bell alionyesha kipimo chake 1964, na Aspect, Clauser na Zeilinger wakapewa Nobeli ya 2022 kwa kuyapima maabara. Na ulivyoiuliza ndivyo wanafunzi wangu wanavyoiuliza kila mwaka, ni swali zuri.

Dada, ugonile. Nilichora. Sikuchora sita tu, nilichora na kumi na mbili. Nilipoona mstari unakata minyororo minne zaidi kila ninaposhuka pete moja, nilimwita mke wangu aje aone, ingawa yeye ni muuguzi na alikuwa amechoka kazini. Archimedes kutokea katikati ya jambo hili sikumtarajia kabisa.

Nikairudisha kwenye milingoti. Kumbe siri yote ni urefu wa mizizi. Mizizi ikiwa mifupi, ni ya mpakani tu inayovuka, hesabu inafuata mpaka, ndiyo ya Srednicki. Lakini chukua kipande chembamba cha shamba, na mizizi iwe mirefu kuliko upana wa kipande. Hapo kila mti uliomo, hata wa katikati kabisa, una mzizi uliovuka. Ukihesabu mizizi iliyovuka umehesabu miti yote, umepima shamba zima. Na ukilipanua shamba hadi lipite urefu wa mizizi, mpaka unarudi kutawala, ila sasa ni mpaka mnene: urefu wake mara urefu wa mzizi. Nimeelewa sawasawa?

---

Kijana wa Uyole:

Shikamoo mwalimu, shikamoo dada. Mimi niko chuo, mwaka wa tatu, nyumbani Uyole. Nimeiingiza hesabu ya mwalimu kwenye kompyuta na 0.278 nimeipata. Nikaikaza springi ya kati hadi 40 badala ya 4. Kasi zinakuwa 1 na 9, na entropia imefika 0.750. Mwanzoni nilidhani nimekosea, kwa sababu jozi ya spini mbili haiwezi kuzidi 0.693, logi ya 2. Baadaye nikakumbuka spini ina ngazi mbili, tungamo kwenye springi lina ngazi zisizo na mwisho, kwa hiyo hakuna dari.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Kwenye bapa lisilobadilishana, lile la Moyal, tumefundishwa kwamba ukijumlisha zao la nyanja mbili juu ya anga yote, alama ya nyota, ile ya kuzidishia kwenye anga hizi, haina kazi, unapata kile kile cha kawaida. Kwa hiyo uwanja huru kule hauna habari kabisa kama x na y hazibadilishani. Hali yake ya chini ni ile ile ya Srednicki. Sasa mizizi mirefu imetoka wapi? Na je, yupo aliyeiona anga hiyo kwa macho, au tunahesabu tu?

---

Dada wa Kihesa:

Mwalimu, umeelewa, na picha ya milingoti nitaichukua nikafundishie. Ila ina mahali inapoishia, na kijana wa Uyole amepagusa. Marahaba mdogo wangu.

Ni kweli, kwenye bapa la Moyal uwanja huru hausikii θ. Kinachoisikia ni mambo mawili. La kwanza ni maana ya kipande. Ukichagua kugawa kwa kufuata mabega ya mizegazega, au kwa kufuata madumu, au kwa kufuata nukta za kawaida ukijifanya zipo, unapata migawo mitatu tofauti ya uwanja ule ule. Entropia siku zote ni ya hali pamoja na mgawo. Kwenye tufe la matriksi mgawo wa kujifanya nukta zipo hauwezekani, kwa hiyo tofauti inaonekana hata uwanja ukiwa huru. La pili ni nguvu kati ya nyanja. Ukiweka zao la nyanja nne lenye nyota, θ inaingia kweli kweli, na mizizi inarefuka yenyewe.

Urefu wake ni huu: chembe yenye momenta p inatanda kiasi cha θ mara p, na inatanda upande, kukingama njia inayokwenda. Mbebaji wa mzegazega akitembea polepole mti wake ni mfupi. Akikimbia, mti unarefuka kulia na kushoto. Bigatti na Susskind waliieleza 1999 kwa jozi ya chaji kinyume ndani ya sumaku. Sasa momenta kubwa kabisa kwenye hesabu yako ni kama 1/a, ile a yako ya umbali kati ya tungamo. Kwa hiyo mzizi mrefu kabisa ni θ/a. Hapo ndipo mlingoti unapokataa kutusaidia: hakuna mti ambao mizizi yake inarefuka kwa sababu wewe umeamua kuuangalia kwa karibu zaidi. Kwenye anga hizi ndivyo ilivyo. Kadiri unavyopunguza a ili uone vidogo, ndivyo vidogo hivyo vinavyofika mbali. Minwalla, Van Raamsdonk na Seiberg walilikuta jambo hili ndani ya hesabu za uwanja wenye nguvu, kwamba yaliyo madogo mno na yaliyo makubwa mno yanachanganyika. Kwangu hilo ndilo la ajabu kuliko yote, kuliko hata entropia yenyewe.

Hivyo kwa bapa: kipande chembamba kuliko θ/a, entropia inafuata eneo zima. Kipande kipana kuliko θ/a, inafuata mpaka, na kizidisho cha mpaka kimebeba θ. Fischler, Kundu na Kundu, na vilevile Karczmarek na Rabideau, waliikuta hali hiyo 2013 kwa nadharia zenye nguvu kali, wakitumia njia ya holografia: entropia unaisoma kama eneo la utando unaoning'inia ndani ya anga yenye kimo kimoja zaidi.

Na tumaini la Snyder, mwalimu, ulilitaja. Kwenye tufe la N yako, ndiyo, kila kitu kina mwisho, kwa sababu matriksi ina vipengele vya kuhesabika. Kwenye bapa la Moyal siyo. Watu wengi wanadhani θ inaweka umbali mdogo kabisa na namba zinaacha kulipuka. Hazikuacha. Unaweza kubana x sana, mradi ukubali y itawanyike. Eneo ndilo lina kikomo, urefu hauna.

Kuhusu kuiona: hakuna kipimo kilichoonyesha kwamba anga yetu hii ya kawaida haibadilishani. Lakini chukua elektroni zilizobanwa kwenye tabaka jembamba, uziweke ndani ya sumaku kali kwenye baridi kali. Kitovu cha mzunguko wa kila elektroni kina x na y zisizobadilishana, na θ yake ni kizio cha Planck gawanya kwa chaji mara nguvu ya sumaku. Kwa tesla 10, kila hali moja inashika eneo la nanomita za mraba 414 hivi, na ndani ya milimita moja ya mraba zinaenea hali bilioni 2.4. Katika maabara ya namna hiyo von Klitzing aliona ukinzani wa Hall, ule unaopimwa kukingama mkondo wa umeme, ukipanda kwa ngazi, 1980. Kwa hiyo hesabu hizi zina mahali pa kukanyagia.

---

Mwalimu wa Rungwe:

Dada, leo umeme umerudi lakini nimeendelea na taa ya sola, nimeizoea. Nataka kuwaonyesha kitu nilichokipata usiku huu, na mniambie kama ni kweli.

Nilisema nianze na tufe dogo kuliko yote, N = 2. Pete mbili tu, kaskazini na kusini. Matriksi ya 2 kwa 2, vipengele vinne. Kwa maneno yako, minyororo mitatu: mmoja wa tungamo mbili kwenye ulalo, na miwili ya tungamo moja moja pembeni.

Nikaupa uwanja tungamo μ, na R nikaiweka 1. Mtetemo ambao kaskazini na kusini vinakwenda pamoja una mraba wa kasi sawa na mraba wa μ. Wa kwenda kinyume ni mraba wa μ ongeza 2. Nikatazama mistari hiyo miwili, nikarudi kurasa sita nyuma kwenye daftari lile lile. Ni tungamo zangu mbili! Springi ya ukutani ni mraba wa μ, springi ya kati ni 1. Nikichukua μ = 1/2, kasi ni 1/2 na 3/2, uwiano wake 3, na entropia ya kaskazini dhidi ya kusini ni 0.278. Nilikuwa nimeshakokotoa mfungamano wa tufe la ukungu la N = 2 siku tatu kabla sijauliza swali, bila kujua kwamba ndilo.

Na vile vipengele viwili vya pembeni nilivyouliza ni vya nani: mabega yake yako juu ya ikweta kabisa, lakini kila kimoja ni mnyororo wa tungamo moja, hakijafungwa na kitu. Nikiviweka kaskazini entropia ni 0.278, nikiviweka kusini ni 0.278. Havina mfungamano wa kupeleka popote.

Sasa nimeanza N = 3, na hapa nimesimama tena. Kipengele cha katikati kabisa, safu ya pili na ya pili, kimekaa juu ya ikweta, na safari hii kimefungwa springi kaskazini na kusini. Hiki nacho nikiweke wapi?

---

Dada wa Kihesa:

Ni kweli mwalimu, na nimeipitia kwa kalamu: 0.278. Nimefurahi mno.

Cha katikati kiweke kaskazini pamoja na wote walio juu ya ikweta, ukokotoe. Kisha wahamishie wote kusini, ukokotoe tena. Kabla hujaanza hesabu ya pili, andika pembeni namba unayoitarajia, na kwa nini. Ukimaliza, tazama ule mnyororo wa vipengele viwili, (1,2) na (2,3). Huo nao sasa unakatwa katikati, na ndio wa kwanza kukatwa ambao haumo kwenye ulalo.